Mfereji Ulio Chini ya Ngozi

Kindness alianza kujikuna Jumamosi asubuhi, akiwa amekaa kwenye kigoda jikoni akimenya ndizi za supu ya mtori pamoja na bibi yake, Aikaeli. Alijikuna shingo, akahamia kwapani, akahamia tumboni, mpaka kisu kikamponyoka kikaangukia kwenye maganda.

"Ni utomvu huo," bibi akasema bila kuinua macho. "Nimekwambia mara ngapi ujipake mafuta mikononi kabla ya kugusa ndizi?"

"Bibi, utomvu unaingiaje tumboni?"

Hapo ndipo Aikaeli alipomtazama. Jicho la kushoto la mtoto lilikuwa limevimba mpaka limebaki mstari. Mdomo wa juu umetuna. Akamfunua blauzi, akaona mabaka mekundu yaliyoinuka, bapa, mengine mapana kama visahani vya chai, mengine madogo kama vifungo, na katikati ya kila baka pamepauka. Alipolishika moja lilikuwa la moto. Na la kushangaza, alipogeuka kunawa mikono na kurudi, baka lile lilikuwa limehama, limetoka ubavuni limeenda mgongoni, kama kitu chenye miguu.

Aikaeli alikuwa amelea watoto na wajukuu pale Mwika, akajua surua, tetekuwanga, upele wa joto na upele wa utundu. Huu hakuujua. Mtoto alikuwa pia na homa iliyokuja na kuondoka tangu katikati ya wiki, na kikohozi kikavu ambacho bibi alikilaumu kwa ukungu wa Julai.

Shemeji yake Elimringi, mdogo wa marehemu mume wake, ambaye kihamba chake, shamba la migomba, na cha Aikaeli vinatenganishwa na mstari wa masale tu, mimea ya kuwekea mpaka, alisikia mtoto analia akavuka. Akasimama mlangoni, kofia mkononi, akamkagua Kindness kama anavyokagua ndama mnadani.

"Huyu likizo ya Juni alikuwa wapi?"

"Si unajua. Kahe, kwa Gladys."

"Eee," akasema Elimringi, akavaa kofia.

Hiyo "eee" Aikaeli aliijua ilikotoka. Gladys, binti yake wa mwisho, aliolewa Kahe na Mikidadi, mkulima wa mpunga na vitunguu, Mwislamu aliyezaliwa mjini Moshi kwa baba wa Tanga na mama wa Upare. Siku ya kuhesabiana mahari Elimringi alikataa hata maji ya kunywa kwa wakwe. Ilichukua miaka kwa Gladys kupiga simu nyumbani bila kupiga kwa siri. Na mwaka huu, kwa mara ya kwanza, Aikaeli alikuwa amemruhusu Kindness, mtoto wa mwanawe anayefanya kazi Mwanza, ateremke akae kwa shangazi yake likizo nzima. Moyoni alisema, mtoto huyu akirudi salama na anacheka, binti yangu naye atakuwa amerudi.

"Mpigie," Elimringi akasema. "Muulize wa kwake wamevimba?"

Akampigia, akaweka simu wazi ili wote wasikie. Gladys alishtuka, akauliza mtoto anapumuaje, amekula nini. Wa kwake, Shakiru na Adija, hawakuwa na kitu, wako shambani wanawinga ndege.

"Walikuwa wanakula pamoja?" Elimringi akadakia.

"Baba mdogo, shikamoo. Sinia moja, ndiyo."

"Sinia moja. Wa kwako wazima, wa kwetu amevimba." Akatikisa kichwa. "Mimi sina la kusema."

"Sema tu, Baba mdogo. Mimi nimemlisha mtoto wa kaka yangu sumu?"

"Sijasema sumu. Nimesema kitu."

Kwa mbali wakasikia Kahe yenyewe, ndege na debe linalogongwa. Kisha Gladys akasema, taratibu, "Basi. Msinipigie tena," na simu ikakatika.

Kule mlimani neno la namna hiyo si dogo. Anayekupa kibuyu cha mbege, pombe ya ndizi, huonja kwanza yeye mwenyewe, mbele ya macho yako, ujue haina sumu, ndipo akukabidhi, na hata ndugu wa tumbo moja hawaruki hatua hiyo. Kumwambia mtu kwamba mkono wake umelisha kitu ni kumfungia milango yote kwa mara moja.

Lakini hakukuwa na nafasi ya kulilia simu. Sauti ya Kindness ilianza kukwaruza. Kijana mwenye pikapu ya kukusanya maziwa alikuwa ndiyo anageuza njia panda. Aikaeli akampungia kanga, na mtoto akateremshwa Moshi katikati ya madumu, hadi hospitali.

Daktari aliyewapokea, kijana mwembamba aitwaye Leodegar, hakuuliza mengi kwanza. Alimchoma sindano pajani, akamwekea mpira wa hewa puani, akasimama pale pale akimtazama. Aikaeli naye akatazama. Na mbele ya macho yake ule uvimbe ukaanza kushuka. Jicho lilifunguka kidogo kidogo. Mabaka yakafifia yakawa kama ramani iliyofutwa. Ungekuwa na haraka usingeona; yeye hakuwa na haraka, akaona yote.

Siku ya pili majibu ya damu yalikuja. "Bibi, damu ya mjukuu wako imejaa aina moja ya seli nyeupe ambazo huongezeka mwilini mkiwa na minyoo," daktari akasema. "Lakini choo na mkojo tumepima, hatuoni yai hata moja. Kindness, ulioga wapi likizo?"

"Kwenye mfereji, na Shakiru na Adija. Siku ya kwanza maji yalinichoma choma miguuni kama sindano, nikatoka vipele. Wenzangu wakanicheka."

Aikaeli akakumbuka. Siku hiyo mtoto alimpigia. Aliuliza, bibi, naruhusiwa kuoga huku? Naye akajibu huku anachambua maharage, akiona jibu ni rahisi: oga tu, mjukuu wangu, hayo maji ni ya kwetu, yanatoka huku huku juu.

Na ni kweli yanatoka juu. Mwika watu wamekua na mifereji iliyochimbwa na babu zao, maji ya baridi yanayopita chini ya migomba, unayachota kwa kiganja ukanywa. Nani angefikiri kwamba maji yaleyale, yakishateremka tambarare, yakapata joto, yakasimama kwenye majani pamoja na konokono, yanabadilika yakawa ya watu wengine?

"Nadhani ni kichocho," daktari akasema. "Minyoo yake bado michanga, haijataga, ndiyo maana hatuoni mayai. Nileteeni wale waliooga naye. Wao wakiwa nacho, nitajua na huyu anacho. Na wao wenyewe wanahitaji kupimwa, tena haraka."

"Wapigie tu," nesi akasema.

Aikaeli alipiga. Simu iliita mpaka ikachoka.

Basi Jumatatu asubuhi alipanda Mwika, akaenda kwenye mstari wa masale, akachagua jani moja refu, bichi, lisilo na doa, akalivunja na kulifunga fundo. Kwa Wachaga, isale lililofungwa fundo ni ombi la msamaha. Anayeletewa halikatai, hata kama amechomewa nyumba. Elimringi alikuwa upande wa pili anamkatia ng'ombe majani.

"Unapeleka isale kwa niaba ya nani?"

"Kwa niaba ya mdomo wako, shemeji."

Elimringi akaendelea kukata majani.

Kahe kulikuwa na joto la kumtoa mtu koti na maneno. Mikidadi alikuwa uani anatengeneza jembe la kukokotwa, akasimama haraka akajifuta mikono. "Mama, shikamoo! Karibu, karibu kivulini. Hilo jani... ni mbegu umetuletea? Maana huku jua litaliua."

"Halipandwi, baba."

Gladys akatokea jikoni na mwiko mkononi. Akaliona jani. Mwiko ukashuka taratibu. Mumewe akamtazama huyu, akamtazama yule.

"Mae," Gladys akasema, jinsi wanavyomwita mama kule juu, "amekutuma yeye?"

"Hajanituma mtu. Mimi ndiye niliyemwambia mtoto aoge kwenye mfereji wenu. Si chakula chako. Ni maji, na mwenye kosa ni mimi. Na daktari anawataka Shakiru na Adija."

Gladys alilipokea jani kwa mikono miwili, akaliweka kifuani, machozi yakamtoka bila sauti. Kisha kama aliyezinduka: "Anawataka wa nini? Wao si wazima?"

Shakiru, wa miaka kumi na miwili, alikuwa amekaa kwenye kinu anasikiliza. "Mimi ni mzima," akasema. "Nakojoa tu damu kidogo mwishoni."

Watu wazima wote watatu wakamgeukia.

"Wavulana wote wa mfereji wanakojoa hivyo," akajitetea. "Wanasema ukianza, ujue umekua."

Mikidadi akakaa chini, juu ya jembe lake.

Maabara ya hospitali, walikofika na Gladys na watoto alasiri hiyo, ilikuwa chumba kirefu chenye harufu ya spiriti na ndimu. Mtaalamu wake alikuwa mama wa makamo wa mjini, Hajira, ushungi wa buluu, miwani kwenye ncha ya pua. Aliupima mkojo wa Shakiru, akatabasamu kama mtu aliyekutana na adui anayemfahamu, akamwita Aikaeli. "Njoo bibi, fumba jicho moja."

Aikaeli akainama kwenye darubini. Aliona mwanga mweupe, mviringo, na ndani yake kitu chenye umbo la kokwa, chenye mwiba mmoja mkali nyuma. Ndani ya kokwa kulikuwa na kitu kinatikisika.

"Lina uhai!"

"Lina uhai. Hilo ni yai la kichocho. Mwiba huo ndio unaochana kibofu."

Shakiru na Adija wote walikuwa nacho. Walipewa vidonge siku hiyohiyo, vikubwa, vichungu, Adija akavimeza kwa kulia na kutukana kidogo. Kindness, akaeleza daktari, atapewa dawa ya kuutuliza mwili kwanza. Vidonge vya minyoo atameza minyoo ikishakomaa, kwa kuwa michanga dawa haiiwezi.

Lakini Aikaeli hakuondoka maabara. Alikuwa na swali, nalo alilijua lingemfuata hadi Mwika, kwa sababu Elimringi angeuliza lilelile. "Mama Hajira, nisaidie. Maji mamoja, mnyoo mmoja, sinia moja. Hawa wenye mayai tele hawakuvimba. Wangu ambaye hana hata yai moja ndiye aliyetaka kufa. Kwa nini?"

Hajira akavua miwani. Akatazama saa ya ukutani, akatazama uso wa bibi, akavuta kiti kingine. "Kaa. Gladys nawe kaa."

Akafungua kasha la mbao alilofundishia wanafunzi, akatoa kipande cha kioo, akakiweka chini ya darubini. "Hii ni ngozi. Nyembamba kuliko ganda la kitunguu, imepakwa rangi. Tazama."

Aikaeli akatazama muda mrefu. Mwanzoni aliona buluu tu, kama mbingu ya asubuhi. Kisha macho yakazoea. Kulikuwa na njia ndogondogo zinapita, na kando ya kila njia, moja hapa, moja pale, zimekaa seli za zambarau, zimejaa punje mpaka zinataka kupasuka, punje zimebanana hata huoni pa kupitisha uzi.

"Jamani," akanong'ona. "Kama magunia ya ulezi."

"Ziliitwa karibu na hivyo. Mjerumani aliyeziona zamani alidhani zimekula sana zikanona, akaziita za kunona. Sisi tunaziita seli za masti. Na hizo njia unazoziona ni mishipa midogo ya damu. Hukaa kandokando yake. Ziko chini ya ngozi yako yote, bibi, kwenye mapafu, kwenye utumbo, kila mahali mgeni anapoweza kupitia. Hazilali."

"Zinasubiri nini?"

"Mwili ukimjua mnyoo, hutengeneza vitu vidogo sana vyenye umbo la manati. Mpini unachomekwa kwenye seli hizo, panda mbili zinabaki nje. Kila seli ina maelfu. Zinakaa hivyo, kimya, hata miezi. Siku kipande cha mnyoo kikapita, kikanaswa na manati mbili kwa pamoja, basi." Hajira akasogeza kioo kwa kidole. "Angalia hii."

Seli hii ilikuwa imepasuka. Punje zake zimetawanyika pande zote, ulezi uliomwagika sakafuni.

"Zile punje zina dawa kali. Zikimwagika, ukuta wa mshipa unaachia, maji ya damu yanatoka yanajaa nyamani. Ndiyo uvimbe. Zinachokoza mishipa ya fahamu, ndiyo kuwasha. Utumbo unatoa ute na kusukuma. Na harufu yake, tuseme hivyo, inawaita askari wengine kutoka kwenye damu, wale daktari aliowaona wamejaa, waje wamshambulie mnyoo."

Aikaeli hakuinua jicho. Alikuwa ameuona mfereji. Aliona njia ya maji chini ya migomba, na mtu aliyewekwa kukaa kando ya lango la tope na mgomba. Na siku moto unapoingia kihambani, mtu huyo hangojei kuulizwa, hupiga yowe, akalibomoa lango kwa miguu yake, maji yakafurika shambani, na wenye majembe wakaja mbio kutoka kila nyumba, kama siku ya msaragambo, kazi ya kijiji kizima. Shamba linaharibika. Maharage yanalala kwenye tope. Lakini nani atamlaumu mlinzi? Na yote hayo yalikuwa yametokea shingoni mwa mtoto wa miaka kumi, juu ya kigoda, huku yeye akizungumza habari za utomvu.

"Ni kama mlinzi wa mfereji anayebomoa lango," akasema. "Lakini mabaka yalihama mbele ya macho yangu."

"Lango moja linafungwa, jingine linafunguliwa."

"Na wakifungua yote kwa wakati mmoja?"

"Ndiyo ile Jumamosi yenu. Mlinzi akizidisha, anamzamisha mwenye nyumba. Ndiyo maana tunawatuliza kidogo. Hatuwafukuzi."

Gladys akauliza kwa sauti ndogo, "Na wanangu? Hawana walinzi?"

"Wanao, tele. Lakini watoto wako wamezaliwa kando ya maji hayo. Huenda mwili wao ulionja mnyoo huo tangu tumboni mwako. Mwili hauwezi kupiga yowe miaka yote, utakufa kwa kelele. Basi unajifunza kuwanyamazisha walinzi, na mnyoo mwenyewe anasaidia kunyamazisha, maana anataka kukaa kwa raha. Kindness anatoka mlimani. Mwili wake haujawahi kuona kitu kama hicho. Ulipiga yowe kwa nguvu zote."

"Kwa hiyo yeye alivimba kwa ajili yao," Gladys akasema.

Hajira akacheka kidogo. "Daktari hawezi kuandika hivyo. Lakini asingevimba, mngeleta hawa lini?"

Aikaeli alipoondoka kwenye darubini, alijitazama mkono. Ngozi ya kizee, yenye makunyanzi, yenye kovu la kisu cha migomba. Akaigusa kwa kidole kimoja, taratibu, kama anayegusa kichwa cha mtoto aliyelala. Miaka yote hii, wote wale, wameketi humo kando ya mifereji yao, hawajawahi kuombwa wala kushukuriwa.

Jumapili baada ya ibada, Kindness akiwa ameruhusiwa, uani kwa Aikaeli kulikuwa na watu kuliko kawaida. Mikidadi alikuwa ananyoosha waya wa zizi ambao hakuna aliyemwomba aunyooshe. Adija na Kindness walikuwa wanabishana nani anaisimulia vizuri zaidi hadithi ya kuvimba. Gladys yupo jikoni kwa mama yake, kwa mara ya kwanza tangu aolewe, anaponda mtori, na lile jani la isale, limekauka sasa, amelichomeka juu ya mlango.

Elimringi akavuka mstari. Alikuja akichechemea, siafu wa kwenye majani walikuwa wamemng'ata kifundoni, na kifundo kimevimba chekundu. Akakaa kwenye benchi anajikuna na kulaani.

"Usilaani," Aikaeli akamwambia. Akainama akakitazama kile kifundo kwa karibu, muda mrefu, mpaka mzee akaona aibu. "Walinzi wamefungua lango. Wamesikia mgeni amepita, wamekuja. Hujui ulicho nacho humo ndani, shemeji."

Kisha akamweleza. Alimweleza yote, hatua kwa hatua, hakuruka kitu: maji, konokono, magunia ya ulezi, manati, yowe, na watoto wa Kahe ambao walinzi wao walinyamazishwa. Elimringi alisikiliza kofia ikiwa gotini. Mwishoni alikuwa ameacha kujikuna.

"Kwa hiyo yule aliyevimba," akasema polepole, "ndiye aliyekuwa anasema kweli. Na kweli yenyewe haikuwa ile niliyoisema mimi."

"Haikuwa hiyo."

Gladys akatoka jikoni na bakuli la mtori, mvuke unapanda. Akasimama mbele ya baba yake mdogo. Watoto wakaacha kubishana. Mikidadi, kule zizini, aliacha waya. Gladys akainua bakuli, akalipeleka mdomoni mwake aonje kwanza, kama inavyotakiwa.

Elimringi akanyoosha mikono miwili.

"Usionje, mwanangu," akasema. "Lete hivyo hivyo."